Mkopo wa Nyumba: Kupitia kwa Dalali au Kwenda Benki Wenyewe?

Katika jumuiya zetu ndogondogo yapo maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini baada ya sala, na mojawapo ni hili la mkopo wa nyumba. Familia imepata kiwanja chenye hati, au imeona nyumba inayouzwa, au boma lake limesimama bila paa kwa mwaka wa nne sasa, na fedha iliyopo haitoshi. Ndipo hujitokeza mtu mwenye maneno mengi na kusema: “Nipeni hati na vitambulisho, benki nitakwenda mimi, ninyi subirini fedha.” Wapo wanaomshukuru na kumwachia kila kitu. Wapo pia wanaomwogopa, wakaingia katika benki ya kwanza waliyoikuta njiani na kutia saini karatasi walizopewa.

Njia zote mbili zaweza kuwa njema, na zote mbili zaweza kuiponza familia. Kabla ya kuuliza ipi iliyo bora, yafaa tujiulize jambo linalosahauliwa mara nyingi: huyu anayetuhudumia analipwa na nani, na kwa kazi ipi? Atakayelijibu swali hilo kwa uhakika, na asimwachie mtu mwingine saini yake, ataweza kutumia njia yoyote kati ya hizo mbili kwa amani.

Deni linalokaa juu ya paa

Mkopo wa nyumba hutofautiana na mikopo mingine kwa mambo mawili. Kwanza, ni wa muda mrefu: miaka 10, 15, 20 na hata 25. Pili, dhamana yake ni paa lile lile ambalo familia inalala chini yake. Anayekopa fedha ya biashara akashindwa kulipa huenda akapoteza duka. Anayeweka nyumba rehani akashindwa kulipa, watoto wake huhama.

Nchini Tanzania soko la mikopo hii bado ni changa. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baadaye familia zilijenga kama wazazi wetu walivyojenga: tofali leo, bati mwakani, dirisha Mungu akijalia. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya mikopo ya nyumba, pamoja na sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, kama ghorofa au chumba, kwa hati yake mwenyewe. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, taasisi isiyomkopesha mwananchi mmoja mmoja bali inayoyapatia mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kumkopesha mwananchi kwa miaka mingi. Majirani zetu wa Kenya waliunda chombo cha namna hiyo mwaka 2018. Tangu hapo mabenki yanayotoa mikopo ya nyumba yameongezeka, na riba, ambayo miaka ya mwanzo ilipita asilimia 20 kwa mwaka, imeshuka; katika miaka ya karibuni kwa kawaida imekuwa kati ya asilimia 15 na 19.

Tunayaeleza haya kwa sababu ndiyo yanayompa dalali kazi. Pale ambapo wazazi hawakuwahi kukopa nyumba, watoto hawana wa kumwuliza njia. Masharti ya benki moja si ya benki nyingine, na lugha ya mikataba ni ngumu. Mtu wa kati huishi katika pengo hilo la ufahamu. Akiwa mwaminifu, hulijaza. Asipokuwa mwaminifu, hulipanua.

Dalali ni nani, na wakala ni nani?

Katika mazungumzo ya kila siku neno “dalali” hubeba watu wengi tofauti, na ni vema kuwatenganisha. Sekta ya bima yaweza kutusaidia hapa. Katika bima, wakala huiwakilisha kampuni ya bima, naye huuza bima kwa niaba yake; dalali wa bima humwakilisha mteja, naye hutafuta kwa ajili yake katika kampuni mbalimbali. Wote wawili husajiliwa na kusimamiwa na mamlaka ya bima, TIRA. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa kwa mteja wote huonekana ni watu waliovaa vizuri na kubeba fomu.

Katika mikopo ya nyumba hukutana nasi watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wakala wa mauzo wa benki fulani, anayetembelea ofisi, shule na hospitali akitafuta wateja; benki humlipa kwa kila mteja anayemleta. Huyu si mbaya, lakini tusitegemee atuambie kwamba benki ya jirani ina riba nafuu. Wa pili ni mshauri anayejitegemea, mwenye ofisi, leseni ya biashara na mkataba wa maandishi, anayezijua benki kadhaa na kumtafutia mteja ile inayomfaa. Hawa wapo, ingawa kwetu si wengi. Wa tatu ni mtu asiye na ofisi wala mkataba: leo anauza kiwanja, kesho anatafuta mpangaji, na keshokutwa “anaujua mkubwa” benki. Ofisi yake ni simu, na simu hubadilishwa.

Maneno yao hufanana sana: kila mmoja atasema anatusaidia. Ndiyo maana tunasisitiza kuuliza nani analipa. Anayelipwa na benki huangalia kwanza benki ipate mteja. Anayelipwa na mteja kwa kazi iliyoandikwa ana sababu ya kumtumikia mteja. Anayelipwa asilimia ya mkopo pindi unapotoka ana sababu ya kutaka mkopo uwe mkubwa na utoke haraka, hata kama familia ilihitaji mdogo. Na anayelipwa na pande zote mbili kwa siri hatujui yuko upande gani.

Waliotutangulia walijifunza kwa gharama

Katika nchi ambazo kazi hii ni taaluma ya siku nyingi, swali la nani analipa lilileta machungu kabla ya kuwekewa sheria. Nchini Marekani, kabla ya mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008, dalali wa mikopo ya nyumba aliweza kulipwa na mkopeshaji kiasi kikubwa zaidi pale alipomwingiza mteja katika riba ya juu kuliko ile aliyostahili. Mteja aliamini kuwa dalali anamtafutia nafuu, kumbe kila nusu asilimia iliyoongezwa ilikuwa faida kwa dalali. Sheria ya mwaka 2010 na kanuni zilizofuata zilikataza malipo ya dalali kutegemea ukubwa wa riba, na zikakataza pia dalali kulipwa na mteja na mkopeshaji kwa mkopo mmoja.

Uingereza ilianza kuusimamia ushauri wa mikopo ya nyumba kwa leseni mwaka 2004. Australia ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2021 dalali wa mkopo wa nyumba anabanwa na sheria kutanguliza maslahi ya mteja. Ndugu zetu wanaoishi na kufanya kazi katika nchi hizo wana ulinzi huo, nao wautumie: waombe kuona leseni na waulize kwa maandishi malipo ya dalali yanatoka wapi.

Sisi tusiiazime imani ya nchi hizo bila kuwa na uzio wao. Mtu akituambia kwamba “Ulaya kila mtu hutumia dalali,” tumjibu kwamba huko dalali anayedanganya hunyang’anywa leseni, na kumwuliza ya kwake iko wapi.

Tuketi tuhesabu

Katika Injili ya Luka, Bwana anamtaja mtu aliyetaka kujenga mnara, na anatukumbusha kwamba mwenye busara huanza kwa kuketi na kupiga hesabu ya gharama (Lk 14:28). Nasi tuketi.

Tuchukue familia inayokopa shilingi 50,000,000 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya deni linalobaki, itarejesha takribani shilingi 805,200 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 16 itarejesha takribani shilingi 734,350. Tofauti ni kama shilingi 70,850 kwa mwezi. Kwa miezi 180 tofauti hiyo hufikia zaidi ya shilingi milioni 12.7. Hizo ni karo za miaka kadhaa.

Sasa tumwingize dalali anayetaka asilimia 3 ya mkopo, yaani shilingi 1,500,000. Ikiwa kweli ameiondoa familia katika asilimia 18 na kuifikisha asilimia 16, ada yake itakuwa imerudi kabla ya miaka miwili kwisha, na miaka 13 inayobaki ni faida tupu. Dalali wa namna hiyo anastahili ujira wake. Lakini ikiwa ameipeleka familia benki ile ile ambayo ingeenda yenyewe, kwa riba ile ile ya asilimia 18, basi imelipa shilingi milioni moja na nusu kwa ajili ya kusindikizwa. Na ikiwa fedha hiyo imekatwa ndani ya mkopo wenyewe, familia itailipia riba kwa miaka 15.

Lipo jambo jingine la kuhesabu, nalo limewadanganya wasomi na wasio wasomi. Riba huweza kutajwa kwa namna mbili. Ipo riba inayopungua, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Na ipo riba isiyopungua, inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama sehemu kubwa imekwisha kulipwa. Anayekopa shilingi 10,000,000 kwa miaka mitano kwa riba isiyopungua ya asilimia 10 atalipa riba ya shilingi 5,000,000, na rejesho lake litakuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Ukiigeuza kuwa riba inayopungua, ni zaidi ya asilimia 17. Hivyo anayetangaza “asilimia 10 tu” huenda ni ghali kuliko benki iliyosema asilimia 16. Mwambie akuandikie mambo mawili: rejesho la kila mwezi, na jumla ya fedha yote utakayokuwa umelipa hadi mwisho. Hapo ndipo mikopo miwili inaweza kulinganishwa.

Kuna pia gharama zisizoonekana katika riba: ada ya kuchakata mkopo, malipo ya mthamini aliyesajiliwa, mwanasheria, ushuru wa stempu, usajili wa rehani kwa Msajili wa Hati, bima ya nyumba na bima ya maisha ya mkopaji. Tuulize pia kama riba inaweza kubadilika katikati ya safari, na kama kuna adhabu ya kumaliza deni mapema.

Kwenda benki wenyewe

Faida ya kwanza ya kwenda benki wenyewe ni kwamba tunaonana ana kwa ana na yule tutakayedaiwa naye. Tunasikia masharti kutoka kinywani mwake, tunauliza, na tunamjua afisa mikopo tutakayemkimbilia siku mshahara ukichelewa. Faida ya pili ni kwamba hakuna ada ya mtu wa kati. Faida ya tatu ni ya wale wenye historia katika benki hiyo: mtumishi anayepitishia mshahara wake hapo kwa miaka kumi, au mfanyabiashara ambaye mapato yake yote yanaonekana katika akaunti, anajulikana tayari, na anaweza kuomba apunguziwe riba au ada. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba inawezekana kuomba.

Lakini njia hii nayo ina mipaka yake. Afisa mikopo ni mwajiriwa wa benki. Atakueleza bidhaa za benki yake na si za nyingine, na huenda naye amepewa malengo ya kufikia kila mwezi. Kwa hiyo kwenda benki wenyewe hakuna maana ya kwenda benki moja. Tunashauri familia itembelee angalau benki tatu, iombe masharti kwa maandishi, na iyaweke mezani kando kwa kando. Kazi hii huchukua siku tatu au nne za kutembea. Dalali mwaminifu angelipwa kwa kufanya kazi hiyo hiyo.

Tusisahau pia ushirika wa akiba na mikopo, SACCOS, uliopo katika maeneo mengi ya kazi na katika baadhi ya parokia. Huenda hauwezi kukopesha fedha ya nyumba nzima kwa miaka 20, lakini kwa familia inayohitaji bati na mbao za kumalizia paa, mkopo mdogo wa miaka miwili kutoka kwa wenzao unaweza kutosha, tena bila kuweka hati rehani. Kabla ya kuomba milioni 50, tujiulize kama kinachohitajika kweli ni milioni 6.

Lini dalali anafaa

Wapo watu ambao mshauri mwema anaweza kuwafaa sana. Mfanyabiashara wa soko asiye na karatasi ya mshahara anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kupanga kumbukumbu zake ili benki izielewe; wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na benki nayo huamini daftari kuliko maneno. Mtu anayeishi ughaibuni na kutaka kununua nyumba nyumbani hawezi kuzunguka benki tatu kwa miguu. Yule aliyekataliwa na benki moja bila kuelezwa sababu anaweza kuelekezwa penye masharti yanayolingana na hali yake.

Mshauri wa namna hii hutambulikana kwa matendo. Huandika mkataba kabla ya kuanza kazi, unaotaja kazi atakayofanya, ada yake, na lini italipwa. Huonyesha masharti ya benki zaidi ya moja na kueleza kwa nini anapendekeza hii. Husema wazi kama benki inamlipa naye kiasi gani. Huongozana na mteja hadi benki badala ya kwenda kwa niaba yake. Na akiona kwamba mkopo haufai, husema. Huyo wa mwisho ni adimu kwa sababu analipwa pale tu mkopo unapopatikana. Ndiyo maana ni afadhali kumlipa mshauri ada ndogo isiyobadilika kwa ushauri wake kuliko kumwahidi asilimia ya mkopo.

Dalali wa kuepukwa naye ana matendo yake. Hudai fedha ya “kuharakisha” au ya “kumwona mkubwa”: hiyo ni rushwa, na atoaye na apokeaye wote wanavunja sheria ya nchi na amri ya Mungu. Hutaka fomu zitiwe saini zikiwa tupu, ati atajaza baadaye. Hushauri mshahara uongezwe katika karatasi za bandia, na mwenye kushtakiwa kwa kughushi atakuwa yule aliyetia saini. Husema nafasi itafungwa kesho.

Tena kuna dalali anayeanza kwa kutaja benki na kuishia kwa mkopeshaji wa mtaani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wakopeshaji hao wawe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba yao kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata kiwango hicho halali, kwa miezi 12 hufikia asilimia 42. Mikopo ambayo watu wameipa jina la “kausha damu” huvuka ukomo huo pasipo aibu. Kujengea nyumba kwa fedha ya namna hiyo ni kujenga huku tukibomoa. Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni. Kabla ya kukopa kwa yeyote, jina lake litafutwe humo.

Yasiyokabidhiwa mtu

Iwe familia imechagua dalali au imekwenda yenyewe, yapo mambo manne ambayo hayakabidhiwi mtu.

La kwanza ni hati. Hati halisi ya nyumba au kiwanja hukabidhiwa kwa benki yenyewe, kwa stakabadhi iliyogongwa muhuri, baada ya masharti kukubaliwa. Dalali anayetaka kuzijua habari za kiwanja apewe nakala. Hati ikiwa mikononi mwa asiyehusika yaweza kuwekwa rehani kwa deni ambalo mwenyewe hulijui. Na kwa anayenunua nyumba, upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ufanyike kabla ya senti ya kwanza kutolewa, ili ijulikane mmiliki ni nani na kama kuna deni juu yake.

La pili ni ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai ridhaa hiyo ithibitishwe. Dalali akimwambia mume, “Andika kwamba huna mke, mambo yaende haraka,” anamfundisha kusema uongo mbele ya sheria na kumnyang’anya mkewe haki ya kujua kwamba makazi yake yako hatarini. Ndoa nyingi hazikuvunjwa na deni lenyewe bali na siku ambayo mwenzi mmoja alilijua deni kwa kusoma tangazo la mnada lililobandikwa mlangoni.

La tatu ni dhamana ya mwingine. Hutokea mama mjane akaombwa na mwanawe atoe hati ya nyumba iwe dhamana ya mkopo wa kijana, na dalali akamhakikishia kwamba “ni saini tu, Mama.” Si saini tu. Kijana akishindwa kulipa, nyumba itakayouzwa ni ya mama. Mzazi anaweza kukubali kwa upendo, lakini asomewe mkataba wote kwa lugha anayoielewa, na mwanasheria asiyelipwa na dalali wala na benki, mbele ya ndugu wengine wa familia. Viongozi wa jumuiya wanaombwa wasione haya kumsindikiza mama wa namna hiyo.

La nne ni saini yenyewe. Barua ya ofa ya mkopo ichukuliwe nyumbani, isomwe na wanandoa wote wawili usiku mmoja au miwili, na kila kisichoeleweka kipigiwe mstari na kuulizwa. Benki isiyoruhusu mteja kwenda kusoma nyumbani imekwisha kujieleza. Kwa watumishi wa umma, kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato ni kinga nzuri; wengine nao wajiwekee kipimo chao kabla ya kuulizwa na benki, wakikumbuka ada za shule, matibabu na wazee wanaotegemea kutoka kijijini.

Mambo yakienda mrama

Hata aliyechagua kwa uangalifu anaweza kupata ugonjwa, msiba au kupoteza kazi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini inapokuwa vigumu kulipa, dawa ya kwanza ni kusema mapema. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, mkopeshaji hawezi kuuza nyumba siku anayoamka na hasira. Lazima ampe mkopaji notisi ya maandishi, na muda wa siku 60 upite baada ya notisi hiyo kupokelewa. Lakini kusubiri notisi ni kuchelewa. Rejesho moja likikosekana, mwende benki mkiwa na karatasi zenu, mwombe muda urefushwe ili rejesho lipungue. Benki nyingi hupenda kulipwa polepole kuliko kuhangaika na mnada.

Hapa pia ndipo tofauti ya njia zile mbili hujionyesha. Familia iliyokwenda yenyewe inajua mlango wa kubisha. Familia iliyoachia kila kitu kwa dalali hugundua kwamba haimjui mtu yeyote ndani ya benki, na simu ya dalali haipokelewi, kwa kuwa kazi yake ilikwisha siku alipolipwa. Anayeona ametendewa isivyo haki aandike malalamiko kwa benki na kutunza nakala. Asiporidhika na jibu, ayafikishe Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki.

Kwa familia nyingi zenye mshahara au mapato yanayoonekana benki, ushauri wetu ni kwenda wenyewe, tena kwa benki tatu. Kwa wenye mazingira magumu zaidi, mshauri mwenye leseni, mkataba na ada inayojulikana anaweza kuwa msaada wa kweli. Alipwe kwa haki, naye abaki kuwa mshauri. Kamati za uchumi na halmashauri za walei katika parokia zinaweza kuwaalika wanasheria na waumini wanaofanya kazi katika mabenki wawaeleze waamini mambo haya Jumapili moja baada ya Misa, ili asiwepo anayetia saini kwa kukosa wa kumwuliza. Anayefikiria mkopo sasa hivi aanze na jambo dogo la leo: aketi na mwenzi wake, wachukue kalamu na daftari, na waandike ni kiasi gani wanaweza kulipa kila mwezi pasipo kuwanyima watoto chakula. Namba hiyo waipate wao kwanza, kabla ya benki na kabla ya dalali.